Tundu Kwenye Glavu ya Mkunga

Asubuhi ya Jumamosi, umande ukiwa bado kwenye nyasi, mkunga aliingia katika duka dogo la klabu ya gofu kununua glavu ya mkono wa kushoto, saizi ndogo. Nyuma ya kaunta alikaa mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye wanachama wote, hata waliomzidi umri, walimwita Shangazi. Shangazi hakuuliza saizi. Alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akaitoa glavu kwenye rafu na kuiweka juu ya kaunta.

"Tena?" aliuliza.

"Tena, Shangazi."

"Hebu nimwone marehemu."

Mkunga akatoa glavu kuukuu kwenye mkoba. Ilikuwa na tundu chini ya kiganja, karibu na kifundo cha mkono, kubwa la kupitisha kifungo cha koti, na ngozi ya kidole gumba ilikuwa imesuguliwa mpaka ikawa nyembamba kama ganda la kitunguu. Pale klabuni kila mtu alijua kusoma glavu. Tundu chini ya kiganja ni la mtu anayeshika fimbo kwa kiganja badala ya vidole, mpini ukawa unateleza na kusugua kila anapopiga. Gumba lililoisha ni la mtu anayebana kana kwamba anataka kukamua maji kwenye chuma.

"Aliyeshika hivi," Shangazi alisema akiinua glavu dirishani, "alikuwa anamnyonga mtu."

"Nimnyonge nani mimi? Mikono yangu kazi yake ni kupokea."

Ilikuwa kweli. Mkunga alikuwa amepokea nusu ya watoto wa mji ule, na alishika fimbo ya gofu kama alivyoshika kichwa cha mtoto anayekuja duniani, kwa vidole, bila kukibana wala kukiachia. Mpira wake haukwenda mbali sana, lakini ulinyooka, na ulitua pale alipouambia. Kwa mshiko ule glavu moja ilipaswa kumtosha msimu mzima na kubaki. Zake hazikumaliza mwezi.

Mumewe alikuwa mwalimu wa udereva. Watoto aliowapokea mkewe, yeye aliwasubiri wafikie umri wa leseni. Miaka mingi ya kukaa kando ya watu wasiojua tofauti ya breki na mafuta ilikuwa imemfundisha kushika: mkono wa kulia kwenye breki ya mkono, wa kushoto kwenye kishikio cha juu ya mlango, roho juu. Kishikio hicho kiling'oka mara kwa mara, na fundi wa gereji alikuwa na ndoo iliyojaa vishikio vyake. Mjini walimwita Koleo. Waliomjua walimsalimia kwa kumpungia mkono kutoka mbali, wasiomjua walijifunza. Ila alikuwa mtu mwema, mchangamfu, na hakuna aliyewahi kumsikia akimfokea mwanafunzi, hata yule aliyeingiza gari kwenye duka la maua.

Koleo naye alicheza gofu. Alishika fimbo kwa kiganja kizima, mishipa ya shingo imemtoka, kidole gumba kimekandamizwa mpinini mpaka kucha inageuka nyeupe. Mpira wake ulikwenda ulikotaka wenyewe. Lakini glavu yake, aliyoinunua wakati pacha wao wangali shule ya msingi, ilikuwa nyeupe na laini, na katikati bado ilikuwa na mkunjo wa kiwandani. Ungedhani imetolewa kwenye karatasi jana.

Sababu ilijulikana Jumamosi hiyohiyo. Mkunga alikuwa amesimama nyuma ya mumewe kwenye uwanja wa mazoezi, amevaa glavu mpya, hana fimbo mkononi, anangoja zamu yake. Koleo akapiga mpira. Mkunga akasikia joto chini ya kiganja. Koleo akapiga mwingine. Uzi mmoja wa glavu ya mkunga ukakatika, taratibu, kama pindo la sketi lililonasa kwenye msumari.

"Baba Pacha," akasema, "hebu piga tena."

Akapiga. Uzi wa pili ukakatika.

"Sasa shika tu, usipige."

Akashika. Ngozi ya gumba la mkunga ikaanza kung'aa.

"Kumbe ni wewe," mkunga akasema.

Koleo alikuja akatazama kiganja cha mkewe, akatazama chake, akakuna kichwa kwa glavu yake nyeupe. "Kumbe," akasema. "Pole, Mama Pacha. Nami nilikuwa najiuliza mbona hii yangu haiishi. Nikadhani ni vitu vya zamani, vilikuwa imara."

Wakaenda kunywa chai.

Kuanzia hapo walitafuta dawa. Mkunga alijaribu kucheza bila glavu, na wiki hiyo ulikatika mkanda wa saa yake. Ikafuata glavu nene ya kushikia sufuria za moto, kisha mkono wa kushoto wa blauzi, kisha kitambaa cha sofa pale alipozoea kuegemeza mkono. Kitu cha kuisha kilipokosekana, kiganja chenyewe kikaanza kutoka malengelenge, na mkunga mwenye malengelenge hawezi kumpokea mtoto. Akarudi kwa Shangazi. Afadhali iishe glavu, alisema, kuliko mkono.

Ikabaki kumlegeza Koleo. Samaki mkunje angali mbichi, na huyu alikuwa amekauka zamani, lakini mkunga hakukata tamaa. Alimpa tyubu ya dawa ya meno iliyotolewa kifuniko, akamwambia aishike kama fimbo, dawa isitoke. Kuta za jikoni zilifutwa jioni nzima. Akamfundisha kwa maneno: mpini uwekwe kwenye mizizi ya vidole, vidole vitatu vya mwisho ndivyo vishike, gumba lipumzike tu, halina kazi. Koleo alisikiliza kwa makini na aliweza kuyarudia yote bila kukosea. Siku moja, mkewe akiwa amemshika kifundo cha mkono, alilegeza kweli. Mpira ulipaa, ukatulia kidogo angani, ukashuka karibu na bendera. Wakacheka wote wawili mpaka wakashikana mabega. Mpigo uliofuata mkunga alimwachia, na fimbo ikamtoka Koleo mikononi, ikarukia juu ya paa la klabu, na mpaka leo iko huko.

"Unaona?" Koleo alisema, jasho likimtiririka. "Nikilegeza tu, naona gari linaingia mtaroni."

Mambo yangeendelea hivyo bila mtu kudhurika sana, maana glavu ni glavu tu. Lakini mwalimu wa mshiko wa klabu, mzee aliyekuwa ameanza kusinzia katikati ya somo, aliamua kwenda kuishi kwa bintiye. Nafasi ikawa wazi, na mkunga aliitaka. Tangu pacha waondoke nyumbani hakuwa ametaka kitu kama alivyoitaka kazi ile. Alikuwa amechoka kukesha wodini, na mgongo ulimkumbusha kila alfajiri. Zaidi ya mgongo, kuna jambo alilijua kuhusu mikono, na alitaka kulifundisha kabla mikono yake mwenyewe haijaanza kutetemeka.

Klabu ile ilikuwa na desturi yake ya kumpata mwalimu wa mshiko. Mwombaji hafanyiwi usaili, wala haangaliwi akipiga mpira, kwa sababu mtu yeyote hushika vizuri akijua anatazamwa. Anachukua glavu mpya mwanzoni mwa msimu, Shangazi anaigonga muhuri kwa ndani, na mwisho wa msimu, akiwa ameichezea, anairudisha mbele ya kamati. Mwenye glavu isiyochakaa ndiye mwalimu. Juu ya mlango wa chumba cha mikutano waasisi walikuwa wameandika kwa rangi ya kijani: GLAVU HAISEMI UONGO.

Mkunga alipokwenda kugongewa muhuri, Koleo alimsindikiza. "Nigongee na mimi, Shangazi," akasema, "nisimwache mwenzangu peke yake." Hakuwa na nia nyingine. Inafaa isemwe hapa, kwa kuwa baadaye watu walisema mengi.

Msimu ule Koleo alijitahidi, asisingiziwe. Alicheza kwa nadra, ili kutimiza sharti tu, na kabla ya kila mpigo alivuta pumzi kama mtu anayeingia maji ya baridi. Lakini kazi ni kazi, na mwanafunzi wake wa msimu ule alikuwa muuza miwani, ambaye hakuona haja ya kuvaa miwani yeye mwenyewe. Kila walipokaribia mzunguko wa barabara Koleo alikamata kishikio, na nyumbani, ndani ya droo, chini ya mashuka, glavu ya mkunga ilitoa mlio mdogo. Mkunga akaihamishia kazini, akaifungia kwenye kabati la pamba na bandeji. Siku muuza miwani alipofanya mtihani wa kuegesha gari kwa kurudi nyuma, wodi nzima ilinuka ngozi iliyoungua, na wazazi wapya wakaombwa radhi. Muuza miwani alifaulu.

Siku ya kurudisha glavu walibaki waombaji wawili tu, mke na mume. Wa tatu, mchora ramani, alikuwa amejitoa baada ya mbwa wake kuila glavu, muhuri na yote. Kamati ilikaa nyuma ya meza ndefu. Nahodha wa klabu alikuwa daktari wa meno, na alikagua kwa taa yake ya kichwani na kile kioo kidogo chenye mpini mrefu. Kabla ya kuigusa glavu ya mkunga alisema kwa mazoea, "Haitauma."

Akachungulia. "Tundu la muda mrefu," akawaambia wenzake. "Limefika kwenye mzizi."

Ya Koleo ilikuwa nyeupe kama yai.

Mkunga alisimama. Alikuwa amejiandaa kusema kwa utulivu, na alisema kwa utulivu. "Nahodha, tundu hilo si langu. Ni la mume wangu. Yeye akibana, yangu ndiyo inayotoboka."

Kamati ikamgeukia Koleo.

"Ni kweli," Koleo alisema. "Ni mimi. Tuligundua Jumamosi moja, kabla ya chai."

Hakuna aliyeshangaa. Katibu alisema kwake ni soksi: mtembezi ni yeye, lakini zinazotoboka kisigino ni za mkewe. Mweka hazina akasema kwake ni godoro, upande wa mama ndio unaobonyea. Nahodha alitikisa kichwa kwa huruma.

"Tunakuelewa, Mama Pacha, na tunakuamini," akasema. "Mimi mwenyewe nasaga meno nikilala. Hebu yaone." Akafungua kinywa. Yalikuwa mazima, yamejipanga vizuri. "Mke wangu ndiye niliyemziba mengi, mengine nimeng'oa. Lakini kanuni inataja glavu ya mwombaji. Haijataja tundu ni la nani."

"Basi mtazameni anavyoshika! Mpeni fimbo sasa hivi, mbele yenu."

"Tukianza kutazama watu wakishika, desturi itakuwa imekufa," Nahodha alisema. "Na kwa kweli mwalimu tunayemhitaji ni mtu mkweli kama huyu, aliyekiri mbele yetu bila kulazimishwa."

Wakapiga makofi. Koleo akasimama kukataa. "Jamani, mwenye mshiko ni mke wangu," akasema, nao wakapiga makofi zaidi kwa unyenyekevu wake. Nahodha, kwa furaha, akajisahau akampa mkono wa pongezi. Nje kwenye veranda mke wa Nahodha, aliyekuwa akimimina chai, aliangusha birika.

Njiani kurudi nyumbani mkunga alilia kidogo, uso wake umeelekea dirishani.

"Imeniuma," akasema. "Nataka ujue imeniuma."

"Najua, Mama Pacha."

"Hujui. Ungejua, kingeuma kiganja chako."

Kwenye taa nyekundu Koleo alivuta breki ya mkono. "Tugawane," akasema. "Jioni unanifundisha, asubuhi nawafundisha. Kazi ni yako. Mimi spika tu."

Mkunga alimtazama mtu huyu ambaye alimpenda tangu hajui hata kuendesha baiskeli, akacheka bila kutaka. "Spika," akasema. "Legeza usukani, spika. Unaniunguza."

Koleo akaanza kufundisha. Maneno yalikuwa ya mkewe, neno kwa neno, na pale klabuni hayajawahi kusikika mafundisho mazuri kama yale. Tatizo ni kwamba mwanafunzi haangalii mdomo. Aliangalia mkono wa mwalimu, akaona mishipa ilivyotoka na gumba lilivyokandamizwa, akafanya hivyohivyo. Haukupita muda wanaume wote wa klabu wakawa wanabana kama watu wanaoning'inia juu ya korongo, mipira inakwenda vichakani, na glavu zao zinazidi kuwa nyeupe. Kamati ilifurahi sana. Glavu ya Koleo yenye muhuri iliwekwa kwenye fremu ya kioo na kutundikwa chini ya yale maandishi ya kijani.

Shangazi ndiye aliyeona mapema upande wa pili, maana glavu kubwa ziliacha kuuzika. Zilizotoka ni saizi ndogo, za kushoto. Walikuja wanawake ambao hawajawahi kugusa fimbo ya gofu: mke wa Nahodha, mke wa katibu, mwalimu wa chekechea, mfuma sweta, na dada mmoja aliyeolewa majuzi tu, bado anamwita mumewe kwa sauti ndogo. Wote walikuwa wameshamaliza mikanda ya saa na vitambaa vya sofa.

"Afadhali iishe glavu kuliko mkono," walisema kwenye kaunta, na Shangazi alinyoosha mkono nyuma bila kuuliza saizi.

Mtu akishavaa glavu, mwishowe hutamani kushika kitu. Nyuma ya duka kulikuwa na kipande cha nyasi ambacho hakikutumika kwa lolote, na hapo mkunga, akitoka zamu ya usiku, macho mekundu na mgongo unamlalamikia, alianza kuwaonyesha. Hakuna aliyemteua, na jina lake halikuandikwa popote.

"Shika kama kichwa cha mtoto," aliwaambia. "Ukibana unamuumiza. Ukilegea anaanguka."

Waliozaa walielewa papo hapo, na yule dada wa majuzi alielewa kwa kukisia. Mke wa Nahodha, aliyebakiwa na meno machache ya kwake, aligundua ana kipaji. Siku moja alipiga mpira ukapaa juu ya paa la klabu, ukaigonga fimbo ya Koleo iliyokuwa imelala huko, ukaendelea na safari yake mpaka karibu na bendera. Walimshangilia mpaka Shangazi akatoka dukani kuuliza nani ameshinda.

Jumamosi iliyofuata Nahodha mwenyewe alipita hapo akielekea darasani kwa Koleo, fimbo begani, glavu yake inang'aa. Aliona kiganja cha mkewe kimechungulia kwenye tundu, akasimama.

"Mama, unabana sana," alimwambia kwa upole, kama anavyoambiwa mgonjwa. "Hebu jiandikishe kwa mwalimu akulegeze."

"Nitafikiria, baba," mkewe akajibu.

Wenzake wote waliinama kutafuta mipira ambayo haikuwa imepotea. Nahodha akaenda zake akipiga mluzi.

Mkunga alivaa glavu mpya, akaivuta kidole kimoja kimoja, akafunga ukanda wake kifundoni. Kutoka uwanja wa mazoezi, ng'ambo ya jengo, ilisikika sauti ya mumewe, changamfu, inayofika kila mahali. "Gumba lipumzike tu, mabwana," ilisema. "Halina kazi."

Mkunga akasikia joto likianza chini ya kiganja. Alipoinua macho aliona kila mmoja wa wenzake anautazama mkono wake wa kushoto.

"Darasa limeanza," akasema. "Haya, tupigeni upesi kabla hazijatoboka."

Wakapiga, na mipira yote ikanyooka.